Nilivyozomewa sokoni Kibaigwa kwa kusema chembe ndogo za chuma husahau sumaku

Wakuu, habari za huko mliko. Huku Dodoma upepo unapiga, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, lakini tupo.

Leo naleta kisa kilichonipata mimi mwenyewe na familia yangu. Sijasimuliwa, wala sijakiokota kwenye magrupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu shemeji yangu naye ni mwanachama humu na ana mdomo.

Mwenye chai aweke karibu.

Mimi nasoma masters kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, nimepanga Miyuji. Utafiti wangu ni wa unga mweusi. Ndiyo, unga. Natengeneza chembe ndogo sana za oksaidi ya chuma za kusafishia maji. Wazo lenyewe ni jepesi: unamwaga unga kwenye maji, chembe zinashika uchafu usioonekana, unaweka sumaku pembeni ya chombo, chembe zinavutwa pamoja na uchafu wake, unamimina maji masafi.

Kwenye karatasi ni jepesi. Kwenye lab nilikaribia kutoka kipara.

Maana niliingia na akili ya mtaani, kwamba nano ni kitu cha kisasa, hivyo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa kali. Nikatengeneza ndogo kwelikweli, kwa mbwembwe. Nikamwaga kwenye maji, nikaweka sumaku, nikasubiri.

Maji yakabaki meusi kama kahawa ya wazee.

Supervisor wangu, mama mmoja asiye na maneno mengi, akapita, akainama kutazama, akasema, "Umezifanya ndogo mno. Hazisikii." Akaendelea na safari yake.

Hapa naomba nieleze kidogo, maana bila hapa hamtaelewa kwa nini nilizomewa. Nitatumia mbuzi, kwa sababu tupo Dodoma na mbuzi kila mtu anawajua.

Kipande kikubwa cha madini ya chuma ni kama kundi kubwa la mbuzi lililogawanyika makundi madogo madogo, kila moja limeelekea kwake. Ukileta sumaku, yanageuka kuelekea upande mmoja. Ukiiondoa, baadhi yanabaki yameelekea hukohuko.

Punguza ukubwa mpaka libaki kundi moja tu. Hilo ndilo kaidi kuliko yote. Likishaelekea mahali, kuligeuza ni shughuli. Chembe ya ukubwa huo hushika usumaku na kung'ang'ania.

Sasa punguza tena, ufike nanomita kumi hivi. Chukua unene wa unywele wako uugawe mara maelfu. Hapo umebakiwa na kimbuzi kimoja. Joto la kawaida tu la chumbani linakirusha, mara huku, mara kule. Ukileta sumaku kinatulia na kufuata. Ukiitoa, kimeshasahau. Hakina kumbukumbu yoyote.

Na ukizidi kupunguza, kinafuata kwa shida, kwa sababu nguvu ya chembe moja ni ndogo mno na maji yanaisukuma kuliko sumaku inavyoivuta. Ndicho kilichonikuta mimi na kahawa yangu.

Mambo ya darasani yameishia hapo. Twende Kibaigwa.

Dada yangu, nimwite Penina, ameolewa Kibaigwa. Mumewe, shemeji Yohana, ni dalali wa mahindi pale sokoni. Ni mtu mzuri sana, mkarimu, ila ana ugonjwa mmoja: chochote kikitangazwa kwa spika anakiamini. Kikitangazwa kwa spika mbili anakinunua.

Wakati huo Penina alikuwa na mimba kubwa. Nilikwenda kumsalimia Jumamosi moja. Nikamkuta uani anapepeta choroko, na alivyoinuka kunipokea akashika ukuta kwanza. Midomo imepauka. Akasema, "Karibu mdogo wangu," halafu akapumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

Nikamuuliza, "Dada, kliniki wanasemaje?"

"Wanasema damu ndogo. Walinipa vile vidonge vya kuongeza damu."

"Unakunywa?"

Akacheka kwa aibu. "Vilikuwa vinanichefua. Shemeji yako ameniletea dawa nyingine. Kali zaidi."

Yohana akaingia ndani mbio, akarudi na kopo la plastiki kalishika kwa mikono miwili kama anabeba kikombe cha komunyo kanisani. Lilikuwa na lebo ya rangi, picha ya simba, na maneno makubwa: NANO CHUMA. Ndani, unga wa kijivu. Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi na jioni.

"Shemeji," akaniambia, uso umejaa furaha, "si ndiyo mambo unayosomea haya? Nano! Mimi na dada yako tunakunywa wote. Nilikuwa nakusubiri uje uone tusivyopitwa."

Wakuu, niliutazama ule unga. Nikauchukua kidogo kwenye vidole, nikausugua. Ukanichoma.

Unga wa nano haukuchomi. Ni laini kama masizi, unaingia kwenye mistari ya vidole na kutoka ni vita. Huu ulikuwa unakwaruza kama mchanga wa mtoni.

"Nani anauza hii?"

"Dokta Sumaku," akasema Yohana. "Yupo sokoni leo. Twende ukakutane na msomi mwenzio."

Msomi mwenzangu alikuwa amesimama nyuma ya pikapu, koti jeupe limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile, spika mbili juu ya bodi. Amezungukwa na watu wa kila aina: madereva wa malori, wapagazi, akina mama lishe. Na msidhani ni wasiosoma tu. Pale mbele kabisa palikuwa na bwana mmoja ametoka mjini kununua mahindi, kitambulisho cha ofisini kinaning'inia shingoni siku ya Jumamosi, anauliza kama kuna ofa ya kuchukua makopo mengi.

Dokta alikuwa na chupa ya kioo yenye ule unga na sumaku kubwa, ya aina inayotolewa kwenye spika mbovu.

"Shikamooni wazee wangu! Chembe hizi ni ndogo kuliko vumbi, ndogo kuliko moshi, ni nano! Na kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo inavyokuwa kali! Tazameni!"

Akaweka sumaku ubavuni mwa chupa. Unga ukasimama wima, miiba miiba kama nungunungu. Watu wakaguna. Akaiondoa sumaku, akaiweka mfukoni. Unga ukadondoka chini, lakini umeshikana vipande vipande, vimenata kama viwavi. Akaitikisa chupa. Viwavi vikabaki.

"Mmeona? Sumaku nimeificha, lakini nguvu imebaki! Na ndani ya mwili wako itabaki hivyohivyo! Damu inavutwa kwenda inakotakiwa!"

Makofi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kila mtu aliyesoma kitu kimoja vizuri. Nilidhani ukweli ukisemwa unatosha.

Nikanyoosha mkono. "Dokta, samahani. Mimi nafanya kazi na chembe za nano za chuma, chuoni. Kama kweli hizo ni ndogo kiasi unachosema, ukiondoa sumaku zinatakiwa kusahau. Zisibaki na nguvu. Kubaki zimenatana hivyo kunanipa wasiwasi kwamba ni chembe kubwa tu."

Dokta akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli, kama anayetazama mtu mwenye zipu wazi.

"Kijana," akasema kwenye spika, "kwa hiyo ya kwenu chuoni inasahau?"

"Ndiyo, inasahau."

"Ukitoa sumaku, nguvu kwisha?"

"Kwisha, ndiyo maana..."

"Ndugu zangu!" Akawageukia watu. "Ya chuoni inasahau! Yetu haisahau! Mnataka ipi?"

Wakuu, soko zima lilicheka. Mpagazi mmoja aliyebeba gunia begani alicheka mpaka akalishusha. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, rudi kasome, umesahau na wewe." Yule bwana wa kitambulisho alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mwenye kikao cha kutathmini.

Nilijaribu kuendelea. Nikataja nanomita. Kutaja nanomita mbele ya spika mbili ni sawa na kupigana na trekta kwa fimbo.

Njiani kurudi Yohana alitangulia mbele. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo akasimama. "Shemeji, mimi nakuheshimu. Lakini umenidhalilisha. Wale ni watu ninaofanya nao biashara. Na mimi ndiye niliyekupeleka."

Nikamwambia, "Yohana, dada yangu hawezi hata kuinuka bila kushika ukuta."

"Ndiyo anatibiwa!"

Nikaenda jikoni kwa Penina, nikamwomba vijiko viwili vya ule unga kwenye karatasi ya plastiki. Nikamwomba pia arudie vidonge vya kliniki, na kama vinamchefua awaambie manesi wamsaidie. Akasema atafikiria. Alikuwa ananiangalia vile wadada wakubwa wanavyokuangalia ukiwa umeanguka mbele za watu.

Sasa wakuu, niwe mkweli kwenye sayansi pia. Kipimo cha kusahau sumaku si hukumu ya mwisho. Hata nano halisi zikikauka vibaya zinaweza kugandana. Kwa hiyo sikutaka kubishana kwa hisia. Jumatatu nikauingiza ule unga lab, na wala sikuhitaji mashine za ajabu. Nilichukua darubini ya kawaida, ile wanayotumia first year kuangalia ganda la kitunguu.

Sikieni hili. Nano huwezi kuiona kwa darubini hiyo. Haiwezekani. Mwanga wenyewe unapita bila kujua kuna kitu.

Mimi niliona kila kitu.

Niliona vinyuzi vya chuma vimejikunja kama maganda ya penseli. Niliona vidonge vidogo vya mviringo, zile cheche za grinda zikishapoa. Na katikati yake, wakuu, niliona rangi. Vigamba vya rangi ya bluu. Na vingine vya kijani.

Nikamwita supervisor, nikamweleza ule unga ulikotoka na nani anaunywa. Akainama kwenye darubini, akakaa muda. Alipoinuka akasema, "Hiki ni kitu cha fundi wa kuchomelea."

Hayo ndiyo yalikuwa maajabu ya Dokta Sumaku. Vumbi linalodondoka chini ya grinda mafundi wanapokata na kusugua vyuma vya mageti, pamoja na rangi yake ya zamani. Limefagiwa, likachekechwa, likatiwa kwenye kopo lenye simba.

Dada yangu mjamzito alikuwa anakunywa geti.

Nilicheka kwanza, sitawaficha. Supervisor hakucheka. Akaniuliza, "Dada yako ana miezi mingapi?" Nikamwambia. Akasema, "Basi unafanya nini hapa?"

Nilifika Kibaigwa mchana uleule. Nilikuwa nimebeba picha kwenye simu, na chupa moja ndogo ya chembe zangu halisi kwenye maji, zile nzuri nilizotengeneza baadaye, sio ile kahawa.

Yohana alikuwepo, bado amenuna, lakini akanikaribisha kwa sababu ni mkarimu hata akiwa na hasira. Nikaweka chupa mbili mezani, ya kwangu na ya unga wake niliouchanganya na maji. Nikampa Penina sumaku, nikamwomba ajaribu yeye mwenyewe.

Akaanza na ya kwangu. Chembe nyeusi zikajikusanya zote kwenye sumaku, zikaacha maji masafi pembeni. Akaitoa, akatikisa kidogo. Zikatawanyika tena kama hakuna kilichotokea. Akaenda kwenye ile nyingine. Vile viwavi.

Yohana akadakia, "Unaona? Ya kwako inasahau. Ya kwetu ina nguvu."

Jamani.

Nilitamani kuondoka. Badala yake nikafungua simu, nikamwekea Penina picha mbele yake, nikaikuza. Sikueleza mbuzi wala nanomita. Nikamwambia tu, "Dada, hiki ndicho kilichomo kwenye kopo. Hiki ni chuma kilichokatwa na grinda. Na hizi za bluu ni rangi ya mafuta, ya kupaka mageti."

Akaishika ile simu kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

"Yohana. Mimi nakunywa rangi?"

Hakupaza sauti. Yohana akachukua kopo, akalitazama yule simba, akaligeuza kama anatafuta mahali walipoandika kwamba ni mzaha.

"Alisema ni nano," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Penina alikuwa ameshaanza kutafuta kitenge chake.

Zahanati walimpima damu, nesi akatazama majibu, akamtazama yeye, akatazama tena majibu. Akauliza vidonge vya kliniki viko wapi. Yohana akaanza kueleza habari za nano. Nesi akainua mkono kama trafiki. Siku hiyohiyo tukapewa rufaa kwenda hospitali ya mjini Dodoma, na safari ile ndani ya gari ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Penina amefumba macho, Yohana kamshika mkono.

Hospitali wakasema lazima aongezwe damu, na ndugu wajitokeze kuchangia. Yohana akawa wa kwanza kukunja shati. Dada mmoja wa pale hospitali aliyekuwa anachukua maelezo akamuuliza maswali ya kawaida: unaumwa, umelala vizuri, kuna dawa unatumia.

"Hakuna dawa," akasema Yohana. Halafu, kwa kuwa ni mkweli mpaka kero, akaongeza, "Ila huwa nakunywa chuma."

"Chuma gani?"

"Cha... cha geti."

Yule dada akaweka kalamu chini. "Tumboni unajisikiaje?"

"Linauma kidogo. Tangu mwezi uliopita."

"Baba, kaa kwenye benchi pale kwanza, daktari atakuona. Kuna mwingine?"

Nikakunja shati mimi. Nilipokuwa nimelala na mpira mkononi, nilimwona Yohana kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, machozi yanamtiririka na hayafuti. Hapo sikuwa na hamu ya kumcheka tena. Huyu mtu alimpenda mkewe akamletea kitu alichoambiwa ni bora kuliko vyote. Tapeli hakuuza unga pale. Aliuza ule upendo wa Yohana, akamrudishia vumbi la grinda.

Penina alilazwa, akaongezwa damu, akabadilishiwa vidonge vikawa havimchefui sana. Kuhusu ule unga daktari alisema tumbo lake na la Yohana yamekwaruzika lakini yatapona. Alijifungua kabla kidogo ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo, ila ana sauti ya kuamsha mtaa wa pili. Mama yake yuko salama.

Sasa mtauliza, na Dokta Sumaku?

Tuliripoti, mimi na Yohana, na vielelezo tukapeleka. Tukaambiwa linafanyiwa kazi. Dokta naye akafanya kazi, akahama. Jamaa yangu mmoja ananiambia amemwona mnadani Chemba, anawauzia wafugaji unga uleule kwa ajili ya ng'ombe. Spika sasa ni tatu.

Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Anatumia maneno yangu. Anatangaza: "Hata msomi wa chuo kikuu alikiri mbele ya watu, ya kwao inasahau, yetu haisahau!" Yaani mimi ndiye ushahidi wa kitaalamu wa Nano Chuma. Nimekuwa balozi wa bidhaa bila mkataba.

Nilichojifunza, wakuu, kwa ufupi na kwa hasira:

Neno nano si baraka. Ni kipimo cha ukubwa, kama inchi. Mtu akikuuzia kitu kwa sababu ni "inchi" utamshangaa, ila akisema "nano" mnatoa pochi, na wenye digrii ndio wa kwanza kwenye foleni.

Ukubwa wa chembe hubadilisha tabia yake, na si mara zote kwa namna unayoitegemea. Kupungua kunaweza kuongeza ukaidi wa sumaku, halafu ukivuka mpaka fulani kunaufuta kabisa. Anayekuambia "ndogo zaidi, kali zaidi" bila kusimama kuvuta pumzi, hajui anachouza, au anakijua vizuri sana.

Na kwa wajawazito na waume zao: vidonge vya kliniki vikikuchefua, rudi kliniki ukawaambie. Chuma cha kuongeza damu kipo, wanacho wao, kimepimwa. Kilicho sokoni kinavutwa na sumaku kwa sababu ni geti.

Karibuni mseme yenu. Wenye ujuzi wa usumaku mnirekebishe nilipokosea mbuzi. Wale wa "una wivu na Dokta" nawajua, nanyi piteni. Na kama kuna mtu humu ana kopo lenye simba kabatini, aseme tu bila aibu, simcheki.

Sawa, nitacheka kidogo. Lakini nitampeleka zahanati mwenyewe.